Mzee wa Viatu vya Magome

Nyumbani kwa bibi yangu, Tanga, kulikuwa na kabati la vyombo la vioo, na kwenye ukingo wa kioo kimoja mjomba alichomeka kadi ya posta aliyorudi nayo kutoka Moscow, alikokwenda kusomea uhandisi. Kwenye kadi kuna mzee. Kavaa joho refu, miguuni viatu vilivyosukwa kwa magome ya mti, mkononi fimbo, anapita kando ya maji yaliyotulia tuli. Majani yamekauka. Anatabasamu, ila si kwa mtu yeyote.

Mjomba alituambia huyo ni padri wa Kirusi. Bibi, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani maishani mwake, aliisogeza kadi karibu na macho, akasema: "Huyu si padri. Huyu ametawa."

Siku hizi ukisema mtawa, watu wanamwona sista wa Kikatoliki mwenye zahanati na shule ya bweni. Kwa bibi kutawa kulikuwa jambo la nyumbani kabisa: kukaa ndani, kujiepusha na macho ya watu. Mwari hutawa. Mwanamke aliyefiwa na mume hutawa mpaka eda imalizike. Nilikuja kumsoma mchoraji wa kadi ile nikiwa mtu mzima, na naona bibi alimpatia kuliko wahakiki wengi.

Mchoraji ni Mikhail Nesterov, mzaliwa wa Ufa, 1862. Husemwa kwamba alivutiwa na maisha ya watawa wa Kiorthodoksi kwa sababu alitoka kwenye familia ya wacha Mungu. Sawa. Lakini tazama miaka. Mwaka 1886, akiwa kijana wa miaka 24, mkewe Maria alifariki mara tu baada ya kumzaa binti yao, Olga. Mwaka uliofuata Nesterov akachora msichana anayejiandaa kuingia utawani, akampa uso wa marehemu mkewe. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba kumpenda na kumpoteza Masha, jina alilomwita Maria, ndiko kulikomfanya msanii.

Kwetu mwanamume hakai eda. Huyu naona alikaa, tena miaka mingi, akiwa na brashi mkononi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema picha zake zinaonyesha maisha ya monasteri. Yako wapi? Monasteri ni mahali pa kazi: kuna kupasua kuni, kuna jiko, kuna hesabu za nafaka, kuna ndugu anayekoroma chumba cha pili. Kwa Nesterov vitu hivyo huvioni. Hata kanisani haingii sana. Watawa wake wako nje, kwenye nyasi, ukingoni mwa maji, katikati ya miti ya betula myembamba kama vijiti. Anachokichora ni ile hali ya mtu aliyekwisha kuachana na kelele, na yeye aliyefiwa anamtazama kwa mbali, akimwonea wivu kidogo.

Yule mzee wa kwenye kadi, picha iitwayo Mkaapweke, alionyeshwa mwaka 1889, na Pavel Tretyakov, mfanyabiashara aliyekusanya picha za Kirusi, akainunua. Nesterov alimpata mzee wake kwenye monasteri ya Utatu Mtakatifu, huko Sergiev Posad. Alipoombwa achorwe, mzee alikataa, ilibidi abembelezwe. Nafurahi alikataa. Mtu aliyetawa kweli hakimbilii kuchorwa.

Mwaka 1890 ikaja picha iliyozua mzozo: Maono ya Kijana Bartolomayo. Ni kisa cha mtoto aliyeshindwa kujifunza kusoma, akakutana na mzee mtawa chini ya mwaloni, akaomba aombewe. Ndiye aliyekuja kuwa Mtakatifu Sergius wa Radonezh, mwanzilishi wa monasteri ile ya Utatu Mtakatifu. Nesterov alitafuta uso wa mtoto huyo kwa muda mrefu mpaka kijijini akamwona msichana wa kama miaka kumi, nywele zimekatwa, macho makubwa, ametoka kuugua. Akachukua uso huo wa ugonjwa, akaupa mwili wa mvulana. Hebu itafute picha hiyo ukiangalie kile kishingo na vile vidole vilivyoshikana kifuani. Mtoto amesimama kama anayeogopa akipumua kwa nguvu mzee atatoweka.

Wakubwa wa sanaa walikasirika. Kichwani mwa mzee kuna duara la nuru, nao waliona jambo hilo ni la ikona, yaani picha takatifu za kusali za Kiorthodoksi, halifai kwenye picha ya kisasa. Wakamwendea Tretyakov kumshawishi aachane nayo. Aliwajibu kwamba kesha inunua, na kama asingekuwa amenunua, angenunua baada ya kuwasikia. Mimi kwenye hilo duara niko upande wa wakubwa, na najua wengi watanicheka. Uso wa mtoto peke yake ulitosha kutuambia yule mzee ni nani.

Kazi yake ya kupaka kuta za makanisa, kuanzia Kanisa Kuu la Mtakatifu Vladimir huko Kyiv, naipita haraka. Watakatifu wana macho makubwa mno, wote ndugu mmoja. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba wito wake ulikuwa picha, si ikona.

Picha ninayoirudia zaidi ni Ukimya, ya 1903. Watawa wawili wanavua samaki kwenye maji ya kaskazini, usiku wa kiangazi usioingia giza, nyuma yao kilima cheusi. Basi. Hakuna duara la nuru, hakuna anayelia. Mtu wa pwani ataielewa bila kufafanuliwa, maana kila aliyewahi kukaa na mshipi majini anajua kuna saa hata mwenzako mliyetoka naye humsemeshi.

Mazingira hayo aliyaona Solovki, visiwa vya Bahari Nyeupe vyenye monasteri ya tangu karne ya 15, alikokwenda mwaka 1901. Hapo ndipo picha hizi zinaponinyima usingizi. Mwaka 1923 serikali ya Kisovieti ilivifanya visiwa vilevile kambi ya wafungwa. Mwaka 1917 Nesterov alikuwa amechora wanafalsafa wawili wakitembea jioni, mmoja amevaa kanzu nyeupe ya upadri. Huyo ni Pavel Florensky. Alifungwa, akapelekwa Solovki, kwenye maji yaleyale ya watawa wenye samaki, na Desemba 1937 akapigwa risasi.

Mwaka 1938 zamu ikafika nyumbani kwa mchoraji. Alishikwa, akakaa gerezani wiki mbili. Mkwewe, mume wa Olga, akauawa kwa risasi. Olga, yule binti ambaye kuzaliwa kwake kulimwacha baba mjane, akapelekwa kambini Kazakhstan.

Kisha mwaka 1941 serikali hiyohiyo ikampa Nesterov Tuzo ya Stalin. Haikuwa kwa ajili ya mtawa yeyote, bali kwa picha ya mwanasayansi Ivan Pavlov aliyoichora mwaka 1935. Ni picha nzuri, lazima niseme. Pavlov ameketi pembeni ya dirisha, mikono ameinyoosha mbele juu ya meza, ngumi amezikunja. Nimelitafuta humo lile tabasamu la mzee wa viatu vya magome, hata kwenye pembe ya mdomo. Sijaliona.