Lamu Hakuna Magari, Basi Egesha Tuone

Wageni wakishuka gatini, neno la kwanza ni hilo hilo: "Raha ilioje! Hakuna magari, hakuna shida ya maegesho." Waache waseme, wamekuja siku tatu. Kuegesha ni neno la watu wa vyombo vya bahari. Watu wa magari wamelichukua tu wakalitia magurudumu. Na gari lina adabu zake. Ukilizima, linazimika. Sisi tumepewa punda na bahari, na vyote viwili havina ufunguo.

Tuanze na punda, maana ndiye anayeanza siku. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wetu, kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Punda mtupu hupita bila neno. Mtie mashogi, ile mifuko ya mgongoni, mchanga kila upande, na kichochoro kimekwisha. Nyuma unasikia "Simile! Simile!", wewe una sinia la mahamri kichwani, na pa kukimbilia ni baraza ya mtu, ambayo ishakaliwa na wazee wanne na bao lao.

Sasa jua likifika utosini, huyu bwana hupumzika wapi? Chini ya wikio. Pale nyumba mbili zimeshikana juu ya njia, pana kivuli na upepo hupenya, pazuri kuliko sebule za wengi wetu. Wala hasimami kufuata njia. Hukaa kikingamo, kichwa ukuta huu, mkia ukuta ule. Mwenyewe hayuko. Ukiuliza, kila aliye karibu anatazama juu: "Ami, punda si wangu."

Usimvute kamba. Ukimvuta mbele yeye hurudi nyuma, ndivyo alivyoumbwa, na ana kilo kama 150, wewe je? Usipite nyuma yake vile vile. Teke la punda halina hodi. Simama ubavuni, weka kiganja pale shingo inapokutana na bega, egemea taratibu mpaka ahamishe mguu wa mbele, kisha toa mkono upesi. Kule kuutoa ndiko kunakomwambia kuwa amefanya sawa. Rudia. Hatua tatu hivi na njia inafunguka. Wanaompiga fimbo wanapata punda yule yule, mahali pale pale, ila sasa amenuna.

Kumfunga nako kuna mambo. Fundo la kujikaza shingoni ni kitanzi cha mauti: akishtuka anajinyonga. Tia fundo lisilokimbia, kamba ya kama mita moja, ifungwe usawa wa bega lake. Ikizidi urefu huo itamzonga miguu. Na tafadhali, si kwenye pete ya mlango wa mtu. Mlango wa nakshi mchongaji ameukalia miezi. Punda akijikuna nao asubuhi moja, maua yote yanakuwa historia. Mzigo ni theluthi ya uzito wake, yaani mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mbebeshe miwili, atajiegesha mwenyewe, tena katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, siku ya Ijumaa, adhana ikilia.

Haya, tuteremke pwani. Huku maegesho yana mwenyewe, naye ni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo maji ya bamvua: yanajaa mpaka yanalamba ukuta, kisha yanapwa hadi tope liko wazi, tofauti karibu mita 3. Katikati yake ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku saa husogea kiasi cha dakika 50, kwa hiyo mahali palipokufaa Jumatatu, Alhamisi pamekugeuka. Na la kuudhi kuliko yote: siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Yaani wakati ule ule ofisi zimefunguliwa, soko limechangamka, na kila mtu ana haraka.

Kosa kubwa ni kamba. Mtu anafika maji yamejaa, anafunga mashua gatini kwa kamba fupi, safi, kama anafunga mbuzi, kisha huyoo, kahawani. Akirudi maji yameshuka mita 2 na chombo kinaning'inia kwa omo, yaani mbele, kama papa sokoni, shetri, yaani nyuma, iko chini, mashine inakunywa maji ya chumvi. Kamba iachiwe urefu wa kushuka maji yote, na ziada. Lakini ukiacha ziada chombo kinazurura, kinampiga jirani ubavuni. Dawa yake ni nanga ya nyuma: ukiwa bado mita 15 ufike, dondosha nanga shetrini, endelea mbele ukilegeza amari, kamba ya nanga, halafu ndipo utupe kamba ya omo gatini, mbili zivutane. Wengi hawataki, eti kazi. Wanaegesha kwa dua.

Wanaotia nanga nje nao wana yao. Amari hutakiwa mara 3 hadi 5 ya kina, na kina ni cha maji kujaa, si kile ulichokiona wakati wa kupwa. Balaa ni kuwa jahazi zito hufuata mkondo, boti nyepesi ya faiba hufuata upepo. Maji yakigeuka huku kusi inavuma, kila kimoja kinazunguka kivyake, na saa nane za usiku unasikia mbao zikisalimiana.

Anayekipweleza chombo matopeni aangalie kwanza chini. Kuna baura za watu, zile nanga kubwa, zimelala tope, kucha moja juu, hazionekani mpaka chombo kiikalie. Ubao ukitoboka, hapo utaijua bei ya fundi. Tia magadi, ile miti ya kukiegemeza chombo, pande zote mbili. Huna magadi, kilaze kiegemee bara, kamwe si bahari, kwa sababu maji yakirudi yataingia kwa ukingo kabla hayajakiinua. Wala usikipandishe juu kabisa siku ya kilele cha bamvua. Kesho maji hayafiki pale, keshokutwa hayafiki, utangoja bamvua lijalo, majuma mawili, ukimjibu kila apitaye kwamba unakitengeneza.

Wenye magari pia wapo, ila gari huishia Mokowe, ng'ambo bara. Ukiliacha huko siku nyingi usivute handibreki, hewa ya chumvi hugandisha viatu vya breki kwenye ngoma. Tia gia ya kwanza, na jiwe mbele na nyuma ya tairi. Betri, ondoa waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Na kivuli cha mnazi si kivuli. Ni nazi inayongojea kioo.

Basi piga picha: saa tano asubuhi, bamvua. Punda kakingama mlangoni, sinia za pilau ya arusi zimesimama nje kwenye foleni, na watu wanauliza kwa mara ya nne mwenyewe yuko wapi. Mwenyewe yuko Mokowe, kaenda kutazama gari lake, na mashua imempwelea. Atarudi maji yakijaa, kama saa kumi hivi.