Kwa hiyo watoto wasisome habari za kifo?

Jana usiku kwenye grupu la wazazi imetua voisi ndefu kama hotuba ya mshenga, mzazi anataka riwaya inayosomwa na darasa la sita iondolewe eti "inawaingizia watoto huzuni". Kisa chenyewe: mtoto kafiwa na dada yake, wamehamia mji mwingine, rafiki pekee anayempata ni wa familia ya wakimbizi ambayo mtaa mzima unaisema vibaya. Basi. Hakuna damu wala majini.

Jamani, hapa ni Arusha. Mei 2017, ile ajali ya basi la shule kule Karatu iliondoka na wanafunzi 32, majeneza yakapangwa pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mnadhani watoto wa mji huu hawakuona? Waliona, sisi tukawaambia nendeni mkacheze nje.

Kwetu Machame tunazika nyumbani, kaburi liko hapo hapo kihambani, shamba la ukoo pembeni ya nyumba, na vigae vyake vyeupe, Krismasi watoto wanakaa juu yake wanakula ndizi za kuchoma. Na bado kuna dogo wa ukoo wetu aliambiwa baba yake kasafiri. Akauliza, "Sasa mbona mmemfukia?" Watu wazima wakaangaliana, mmoja akamtuma maji, hakuna aliyemjibu mpaka leo. Halafu wiki haijaisha anaambiwa usilie, wewe ndo baba wa nyumba sasa. Ana miaka minane! Kwenye kile kitabu mtoto anaruhusiwa kumkasirikia marehemu, anamkasirikia kweli kweli, kwamba kwa nini umeniacha, kitu ambacho kwenye misiba yetu ukikitamka unakemewa na mashangazi wanne kwa mpigo. Ndo maana nakitaka.

Sawa, katikati kinaboa, theluji na makoti kurasa kibao. Na wa darasa la pili asipewe, hapo sibishani.

Ila wale mnaojificha nyuma ya huzuni wakati kinachowakera ni ule urafiki, semeni tu. Mtoto anayejua Mmasai ni mlinzi na Mhindi ni mwenye duka, kajifunza wapi kama si mezani kwenu?

Kikao ni Jumamosi. Kura yangu kibaki, na mwenye voisi aje akiwa amekisoma, maana mpaka sasa kila alicholalamikia kimeandikwa kwenye jalada la nyuma.