Mtoto akimlilia Mzungu hajawa mbaguzi

Mtoto wa miezi tisa yuko mapajani kwa mama yake, mgeni mweupe anamwinamia amsalimie, kilio kinaanza. Watu wazima wanacheka: "Anaogopa Mzungu huyo!" Ulaya na Marekani kisa ni hichohicho kimegeuzwa upande, na huko vichwa vya habari hudai kwamba ubaguzi mtu huzaliwa nao. Kauli zote mbili zinachanganya kutozoea na kuchukia.

Umri ndio unaoeleza mengi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwaonyesha watoto wenye siku chache tu duniani nyuso mbilimbili, moja ya Mzungu na ya pili ya mtu wa asili nyingine. Hawakupendelea yoyote. Wa miezi mitatu, wote kutoka familia za Kizungu, waliutazama uso wa Kizungu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka uliofuata ukaja utafiti ninaouona bora kuliko wote katika mjadala huu. Uliwapima watoto wa miezi mitatu wa makundi matatu. Watoto weupe wa Israeli waliegemea nyuso nyeupe, na wa Ethiopia wakaegemea nyuso za Kiafrika. Kundi la tatu lilikuwa la watoto wa Kiethiopia waliokuwa wakilelewa Israeli, kwenye vituo vya wahamiaji, wakiona watu wa rangi zote mbili kila siku. Hao hawakuegemea popote. Asili yao ni moja na watoto wa Ethiopia, ila sura zilizowazunguka zilikuwa tofauti.

Kisha ubongo huanza kubana matumizi. Utafiti wa 2007 uliowahusu watoto wa Kizungu ulionyesha kwamba katika miezi mitatu wanaweza kumtofautisha mtu na mwenzake katika nyuso za Kiafrika, za Kichina, za Mashariki ya Kati na za Kizungu. Wakifika miezi sita zimebaki za Kichina na za Kizungu. Katika miezi tisa zimebaki za Kizungu peke yake. Ni kama lugha: sauti ambazo mtoto hazisikii nyumbani, sikio huacha kuzihangaikia.

Ndani ya ubongo wenyewe hupimwaje? Mtoto huvishwa kofia inayopima umeme wa ubongo; inayotumika sana ni wavu wenye elektrodi (vinasa umeme) 128, kila moja na kisponji kilicholowekwa maji ya chumvi yenye matone ya shampuu ya mtoto, ili mafuta ya ngozi yasizuie umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno, sehemu za milioni za volti, kwa hiyo picha hurudiwa mara nyingi na wastani kuchukuliwa. Mtoto akinyonya kidole, akikunja shingo au akilia, misuli inafunika kila kitu. Kwa kawaida karibu nusu ya watoto huondolewa kwenye hesabu.

Utafiti wa aina hiyo ulifanyika Massachusetts, Marekani, na kuchapishwa 2012, kwa watoto wa Kizungu wa miezi mitano na tisa ambao hawakuwa wamezoea watu weusi. Walisikilizishwa kicheko au kilio, kisha wakaonyeshwa uso wenye furaha au huzuni. Ubongo wa miezi tisa ulishtukia kutolingana kwa sauti na uso pale tu uso ulipokuwa wa Kizungu, na kazi hiyo ilikuwa imeshahamia nyuma ya kichwa, kwenye maeneo yanayochambua nyuso. Kwa wa miezi mitano, rangi haikuleta tofauti hiyo.

Hapa lazima niseme jambo la nywele. Visponji vile vilitengenezwa kwa nywele nyororo. Kwenye nywele za kipilipili vinaelea juu, haviigusi ngozi, na mtoto aliyesukwa huishia kuachwa nje ya takwimu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunachokijua kinahusu vichwa vya Kizungu. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, akiwemo Arnelle Etienne, lilitoa elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Nywele za kusuka zikageuka kuwa msaada badala ya kikwazo.

Kutazama sana, basi, si kupenda. Walipopewa midoli na watu wawili, watoto wa Kizungu wa miezi kumi waliipokea sawasawa kwa mweusi na mweupe. Upendeleo wa rangi katika kuchagua mtu ulionekana kwa wa miaka mitano. Lakini lugha ilihesabika mapema: wa miezi kumi walichukua mdoli kwa aliyezungumza lugha ya nyumbani kwao.

Na kule kubana matumizi kwa ubongo huzuilika kwa gharama ndogo. Kitabu cha picha za nyuso za Kichina, kila uso na jina lake, kilichosomwa jumla ya saa moja hivi kati ya miezi sita na tisa, kilitosha kwa watoto wa Kizungu kuendelea kuzitofautisha. Siri iko kwenye jina. Katika jaribio lingine zilitumika nyuso za nyani, kwa sababu ni ngeni kwa kila mtoto. Waliofundishwa jina la kila nyani walibaki na uwezo. Walioambiwa tu "nyani, nyani" waliupoteza, sawa na wasioambiwa neno. Sasa fikiria sisi tunavyomnyooshea mtoto kidole: "Ona Mzungu! Ona Mchina!"

Na yule anayelia? Katika umri huo humlilia hata mjomba mwenye ndevu aliyetoka safari. Abaki mapajani, mgeni akae pembeni badala ya kumwinamia, asimkodolee macho, aongee kwanza na mama, kwa Kiswahili kama ndicho cha nyumbani. Mama amtaje mgeni kwa jina. Mkono wa mtoto ukinyooka wenyewe kuelekea miwani au hereni za mgeni, hapo ndipo mgeni ampokee.