Mtoto ana nyanya: kufundisha ustawi wa jamii katika chuo cha Kanisa

Waulize wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa nini wamechagua ustawi wa jamii, na jibu litakuwa lile lile: "Napenda kusaidia watu." Siwacheki. Darasani mwangu wamo masista waliotumwa na mashirika yao, mafrateri wachache, vijana wa Kayole na Githurai wanaosoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, walokole ambao hawajui hata kupiga ishara ya msalaba, na Waislamu kutoka Eastleigh. Huruma wanayo, tena ya kumwagika. Wengine wamelelewa na jumuiya ndogondogo zinazochangisha za hospitali na matanga kabla hata mfiwa hajaomba, na kwa maoni yangu hizo ndizo ofisi za ustawi wa jamii zinazofanya kazi kweli katika mitaa mingi ya Nairobi.

Kwa hiyo simo darasani kuwafundisha kupenda watu. Kazi yangu ni kuwafanya waulize maswali ambayo mwenye huruma huwa hana haraka ya kuuliza. Na swali ninaloliona kuwa kipimo cha chuo cha Kikatoliki ni hili: mbona Kanisa lina makao mengi hivi ya watoto, na je, watoto waliomo walipaswa kuwa humo? Kama mhitimu wetu anaweza kuvaa joho bila kuwahi kulijibu, basi tumempa cheti tu.

Kwa ambao hawajafuatilia, mambo yamebadilika. Sheria ya Watoto ya 2022 inaitanguliza familia, na kumweka mtoto kwenye makao ni hatua ya mwisho, mlango mwingine ukishafungwa. Mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka 10, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha kwenye familia na jamii. Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha mwongozo wa namna hiyo mwaka 2009. Hata ushahidi wa kisayansi si mgeni. Kule Bucharest, Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 uliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye taasisi, nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, na waliotolewa mapema ndio waliofaidi zaidi. Wanafunzi wangu husoma haya, huandika kwenye mtihani, hupata alama nzuri.

Halafu Jumamosi inafika.

Jumamosi, hasa muhula ukikaribia kuisha, vikundi vya wanafunzi hukodi matatu kwenda "kuona watoto". Unga, mafuta ya kupikia, sabuni za kipande, pedi, katoni ya biskuti. Watoto hupangwa mstari, huimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, kisha picha. Jioni picha ziko kwenye simu za watu wote: kijana wa miaka 20 amembeba mtoto asiyemjua jina. Wiki inayofuata kinakuja kikundi cha parokia, halafu wafanyakazi wa benki wenye fulana zinazofanana. Mtoto wa miaka mitatu anayemrukia kila mgeni na kumkumbatia huwafurahisha sana wageni. Nawaambia darasani kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza walichopaswa kuwa na wasiwasi nacho, kwa sababu mtoto mwenye mtu wake humwonea mgeni haya, hujificha nyuma ya rinda la mama, huchungulia. Kimya kinaingia, kila mtu akikumbuka picha iliyo kwenye simu yake.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la faili. Nawagawia faili za mfano, nilizozitunga kwa kufuata jinsi faili halisi zilivyo. Nyingi ni nyembamba: barua ya chifu yenye muhuri, picha ya pasipoti, kadi ya kliniki iliyolowa maji na kukauka. Barua inasema mtoto "ni yatima na hana mtu". Nawaambia wachore ukoo wa mtoto huyo kwenye manila, na kila mahali wasipojua waandike nani angeulizwa. Mwanzoni karatasi huwa na duara moja katikati na utupu pande zote. Kisha maswali yanaanza. Barua imetoka kwa chifu wa wapi? Kadi ya kliniki iliandikwa jina la nani kama mlezi? Mama alizikwa wapi, na nani alitoa ng'ombe? Nani alilipa kodi ya mwezi wa mwisho? Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akasema, "Mwalimu, hakuna Mkamba asiye na mtu Kitui," darasa likaangua kicheko. Lakini alikuwa amesema kweli. Kipindi kikiisha, manila ina shangazi wa Kawangware, mjomba anayeendesha boda boda Mwingi, na nyanya ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Nyanya huyo ndiye kiini cha mambo. Watoto wengi walio kwenye makao wana mzazi mmoja aliye hai au jamaa wa karibu. Kilichowapeleka huko ni karo, chakula, ugonjwa, au chumba kimoja cha mabati Mukuru kisichotosha watu sita. Makao yana shule, yana kitanda, yana nyama Jumapili. Nyanya ana mapenzi na deni dukani. Ukimwambia achague, atamleta mtoto mwenyewe hadi langoni, na sista atampokea kwa moyo safi, na sote tutasema tumemwokoa mtoto. Nani alimpa nyanya chaguo la tatu, la kusaidiwa amlee nyumbani? Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija kwa wakati, na hapa Nairobi kodi pekee inaweza kuzimeza zote.

Hapa ndipo chuo cha Kanisa kina silaha ambayo vyuo vingine havina, na inaniuma kuona tukiiacha kabatini. Mwaka 1931, katika Quadragesimo Anno, Papa Pio XI aliandika kwamba si haki kwa chombo kikubwa kunyakua kazi ambayo kidogo kinaweza kuifanya. Mafundisho jamii ya Kanisa huiita kanuni auni: mkubwa amsaidie mdogo atimize wajibu wake, asimpokonye. Tumezoea kuitumia kanuni hiyo dhidi ya serikali, pale inapotaka kuingilia shule na hospitali zetu. Igeuze sasa ielekee kwetu. Nyanya ni kidogo, makao ni kikubwa. Kama nyanya anaweza kulea akipata kodi, bima ya afya na mtu wa kumtembelea kila wiki mbili, basi kumchukua mjukuu wake ni kumpokonya, hata ukiwa umevaa rozari. Sheria ya 2022 haikuja kulipinga Kanisa. Ilitukuta tumelala juu ya mafundisho yetu wenyewe.

Siku tuliyojadili aina za malezi mbadala zilizomo kwenye sheria hiyo, tulifika kwenye kafala. Binti mmoja wa Eastleigh, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kuzungumza kidogo, aliwaeleza masista jinsi familia ya Kiislamu inavyomchukua mtoto, ikamlea, ikamsomesha, bila kumbadilisha jina la baba yake wala kumficha asili yake. Sista mmoja akauliza kama mtoto hurithi. Hapana, akajibu, lakini mlezi anaweza kumwachia sehemu kwa wosia. Maswali yalimiminika hadi mwalimu wa kipindi kilichofuata akabisha mlango. Nimefundisha kanuni auni kwa vitabu vizito, na sidhani kama niliwahi kuifikisha vizuri kama alivyoifikisha yule binti bila kuitaja.

Upinzani upo, na ule mzito hautoki kwa wavivu. Sista aliyewahi kuendesha makao kwa miaka aliniuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, huyo wa miaka saba aliyebakwa na mjomba wake, usiku huu unampeleka kwa shangazi yupi?" Hana kosa. Kuna watoto ambao nyumbani ndiko kwenye hatari. Kuna watoto wenye ulemavu mkubwa ambao familia imewakimbia, na kuna wale wa barabarani ambao huwezi kuwatoa kwenye kunusa gundi leo na kuwakabidhi kwa baba kesho. Kuwarudisha watoto kwa mkupuo ili ripoti ipendeze ni ukatili mwingine: mtoto anashushwa kijijini na begi moja na godoro, gari linageuza, na hakuna anayerudi kuuliza. Nilimjibu Sista kwamba usiku huu alale mahali salama, na kesho asubuhi mtu aanze kumtafutia familia nyingine ukooni au mlezi aliyechunguzwa na afisa wa watoto, asisahauliwe humo hadi atimize miaka 18. Hakuridhika kabisa. Nilipenda asivyoridhika, maana ndivyo darasa la ustawi wa jamii linavyopaswa kusikika.

Haki iwatendewe masista pia: hawangoji kufundishwa na mimi. Wenzao wa Uganda walianza mwaka 2016 mpango wa kugeuza huduma za watoto zinazoendeshwa na mashirika ya kitawa zielekee malezi ya familia, na hapa Kenya muungano wa mashirika ya masista una mpango kama huo, Catholic Care for Children. Kwa hiyo tusiseme Kanisa limekataa. Wanaokokota miguu, kwa maoni yangu, ni wafadhili, na sisi wa vyuoni. Mfadhili wa ng'ambo hulipia uso: picha ya mtoto, barua ya Krismasi, jengo lenye kibao. Hakuna anayetaka jina lake kwenye kodi ya nyanya wa Kayaba. Shirika lenye bweni la vitanda 80 na mishahara ya wapishi na walinzi litafanya nini bweni likibaki tupu? Hilo ni swali la kitaaluma kabisa, la bajeti na usimamizi, na hatulifundishi. Mimi ningependa kuona mabweni hayo yakiwa vituo vya kulea watoto mchana. Nenda Mukuru saa kumi na mbili asubuhi uwaone akina mama wanaokwenda viwandani Industrial Area wakiacha vichanga kwenye chumba kimoja kwa mtu anayelea kumi na zaidi peke yake. Mama huyo akipata mahali pazuri pa kumwacha mtoto, hatafikiria makao kamwe.

Kuna kitabu kimoja ambacho kila mwanafunzi wa fani hii duniani hukikuta: kile cha Felix Biestek cha mwaka 1957 juu ya uhusiano wa mfanyakazi wa jamii na mteja wake. Mle ndimo zilimo kanuni saba tunazozikariri hadi leo, kama kutunza siri, kutohukumu, na haki ya mteja kujiamulia. Nikiwauliza darasani Biestek alikuwa nani, wengi hudhani ni profesa fulani asiye na dini. Alikuwa padre Mjesuiti, akifundisha Loyola, Chicago. Padre ndiye aliyetuandikia kwamba mteja ana haki ya kuamua mambo yake. Sasa soma faili zetu uone kama nyanya aliamua lolote, au kama mtoto wa miaka 12 aliulizwa angependa kukaa na nani. Frateri mmoja alinijibu kwamba mtoto hawezi kujua lililo jema kwake. Nikamwuliza yeye aliingia seminari ndogo akiwa na miaka mingapi, na kama aliulizwa. "Niliulizwa," akasema, "na nililia kwanza."

Mafunzo ya nyanjani yangeweza kutibu mengi ya haya, kama hatungewapeleka wanafunzi mahali pale pale. Makao ni rahisi: yako karibu, yana ofisi, yana sista wa kutia sahihi kitabu cha kila siku. Kwa hiyo mwanafunzi hukaa miezi mitatu akisaidia kazi za shule za jioni na kupanga nguo za msaada, anarudi akisema amejifunza ustawi wa watoto. Mpeleke badala yake kwenye ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo, akaone foleni. Mkalishe kwa chifu siku ya baraza. Aongozane na mhudumu wa afya ya jamii anayejua kila mlango wa Mathare, na ajifunze kujaza fomu ya Inua Jamii hadi ikubaliwe. Ajue kwamba namba 116 hupigwa bure na mtoto mwenye shida. Haya hayapigiki picha vizuri, lakini ndiyo kazi.

Kwa sasa nina ombi moja dogo. Kozi ya mafundisho jamii ya Kanisa hufundishwa mwaka wa kwanza na padre, na ile ya ustawi wa mtoto hufundishwa na mimi mwaka wa tatu. Mwanafunzi akifika kwangu, kanuni auni ameshaisahau pamoja na tarehe za nyaraka za mapapa. Nimependekeza tuziweke muhula mmoja, tutahini pamoja, na swali la mtihani liwe faili: barua ya chifu, picha, kadi ya kliniki, na shilingi 15,000 za kutumia kwa mwezi. Padre amekubali, mkuu wa idara amekubali. Ofisi ya ratiba inasema vyumba vya mihadhara havitoshi.