Mtaro Wangu wa Asilimia 85

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Barabara zetu zina namba, moja mpaka ishirini na kitu, ila yangu siitaji. Mwanangu anataka kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa bado haijagongwa muhuri, kwa hiyo nalalamika kwa adabu.

Kisa ni mtaro. Kwenye mkutano wa mtaa imesomwa taarifa ya utekelezaji, nikasikia kwa masikio yangu kwamba mtaro wa mbele ya kibanda changu umefikia asilimia 85. Nikamtazama muuza kahawa, naye akanitazama. Wote wawili tumeuruka huo mtaro asubuhi, yeye na birika lake la moto mkononi. Nikanyoosha mkono: asilimia 85 ya nini, waheshimiwa? Nikaambiwa swali zuri sana. Nalijua hilo "swali zuri", maana yake kaa chini. Kumbe ni fedha ndiyo imetumika kwa asilimia 85. Hela imeshafika, mtaro bado uko njiani. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, basi na bajeti imeshika mila.

Na mimi nikifungua magurudumu ya mteja, nikala hela yake karibu yote, nikampigia simu: "Bwana, baiskeli yako imefika asilimia 85, njoo upande," si nitazomewa mpaka Makorora?

Halafu kuna hii hati safi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakabidhi ripoti kwa Rais, ikitoka bungeni utasikia halmashauri fulani imepata hati safi, watu vigelegele. Mama watoto akaniuliza, safi ipi na yeye anazoa tope sebuleni? Kuna mzee pale kijiweni alistaafu uhasibu, akatufungua macho. Anasema hati inahusu hesabu: vitabu vimeandikwa inavyotakiwa. Hakuna aliyesema maji yanapita. Ukaguzi wa kuangalia kama hela imeleta tija upo, unaitwa ukaguzi wa ufanisi, na anaufanya mkaguzi huyohuyo. Huo sijausikia ukipigiwa ngoma.

Basi nikasema niende ofisini mwenyewe. Namkuta mtumishi ameinamia kompyuta, hanyanyui kichwa. "Shikamoo mzee, subiri kidogo, najaza mfumo." Mfumo gani? PEPMIS. Zamani walikuwa na fomu za OPRAS, tangu 2004 huko, unajaza karatasi unaweka kabatini, mwaka unapita. Sasa ni mtandaoni, mtumishi anaandika malengo yake na kazi alizofanya, bosi wake anampa alama. Jambo zuri, nami sina kinyongo. Shida ni kwamba alikuwa anajaza namna anavyohudumia wananchi, na mwananchi mwenyewe ndiyo mimi, nimesimama na kofia mkononi. Nikasubiri. Alipokaribia kumaliza, mtandao ukakata. Akaanza upya. Nikaondoka, nina hakika nimeingia humo kama mwananchi aliyehudumiwa.

Njiani kutoka nikaliona sanduku la maoni. Kalamu imefungwa kwa kamba ili isiibiwe: kamba ipo, kalamu hakuna. Kufuli limeshika kutu, na mwenye funguo, naambiwa, alihamishwa. Nikachungulia kwenye tundu. Mna ganda la pipi, karatasi moja iliyoliwa na mchwa kuanzia kwenye "Ndugu Mkurug", na nyigu wamejenga humo familia nzima. Maoni yangu nikarudi nayo nyumbani.

Mkaguzi ninayemwogopa kwa niaba ya wenzangu ni Mwenge wa Uhuru. Wale vijana wanaoukimbiza nchi nzima wana jeuri, wanaweza kugoma kuzindua mradi mbele ya kadamnasi kama karatasi za manunuzi hazieleweki. Ndiyo maana Mwenge ukitangazwa utaona greda limefufuka na mawe yamepakwa chokaa. Kwetu hauna njia. Naomba siku moja mkesha uwekwe kibandani kwangu, chai nitatoa mimi.

Sasa jana ndiyo kaja kijana wa tathmini. Kijana mwenye heshima, shati limenyooka, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo baba. Wewe ni mnufaika wa mradi wa mtaro?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo naambiwa."

"Unauridhia kiasi gani, kuanzia 1 mpaka 5?"

"Sifuri ipo?"

"Hapana baba, inaanzia 1."

Basi mtaro ukapata alama ya bure. Akauliza kama nilishirikishwa kuuibua mradi. Nikamwambia mimi nauibua kila masika, ndala mkononi. Akaandika "ameshirikishwa". Nikataka kueleza habari ya mbu, akasema mbu wana dodoso lao, idara nyingine.

Mwisho akataka picha, mnufaika kando ya mradi. "Cheka kidogo baba." Nikacheka. Mimi nikaenea kwenye kioo, mradi haukuenea, akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine. Nikasema we mwanangu, we... Mguu ukazama mpaka gotini, shati lake lote madoadoa.

Kishikwambi nikakidaka mimi, tena kwa mkono wenye grisi. Kioo bado kinawaka, limebaki swali moja la mwisho: "Je, mradi umewafikia walengwa?"

Nikambonyezea NDIYO.