Amechanjwa, Lakini Abaki Nje

Duka liko Shangani, hapa Mtwara mjini, hatua chache kutoka baharini. Ni duka la kawaida: meza ya mbao, magunia matatu ya mchele yamekunjwa midomo, beseni la dagaa, ndoo ya mafuta ya kupima. Kijana mmoja akaingia na mbwa wake, mkubwa, wa kahawia, kafungwa mnyororo, mtulivu kuliko watoto waliokuwa wakigombania pipi pale mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbwa mtoe nje."

"Huyu amechanjwa, mama."

"Sijakuuliza chanjo. Mtoe nje."

Kijana akatoka na kwenda kununua kwingine. Jioni nikamsikia kijiweni akilalamika kwamba watu wa kusini tumebaki nyuma. Ulaya, alisema, mbwa anaingia baa na mwenyewe, anawekewa bakuli la maji, anajilaza chini ya meza na hakuna anayeshtuka. Wengi pale walimuunga mkono. Mama wa watu hakupata hata mtetezi mmoja, na mimi nilinyamaza kama wengine. Haya ndiyo niliyopaswa kuyasema.

Kwanza kijana apewe haki yake, maana anayo. Mbwa aliyefungwa peke yake nje ya duka, kwenye mtaa asioujua, ana hatari zaidi kuliko mbwa aliyesimama mguuni pa mwenyewe. Watoto watamtupia mawe, atabweka, atamrukia mpita njia. Pili, huyu kijana ndiye aliyefanya tunayomtaka kila mwenye mbwa ayafanye: kamfunga, kampeleka kwa bwana mifugo, anamlisha. Ukimfukuza yeye, unamwambia nini yule ambaye mbwa wake anazurura usiku kucha bila sindano hata moja? Na liko jambo la tatu, ambalo mimi mwenyewe linanisumbua. Nenda kwenye nyama choma yoyote usiku, uangalie chini ya meza za plastiki. Mbwa koko watatu wanne wanapita kati ya miguu ya wateja wakiokota mifupa, na mhudumu akiwafukuza kwa kitambaa wanarudi kabla hajafika jikoni. Hao hawana mwenyewe wa kuambiwa awatoe. Kwa hiyo katazo letu, lilivyo sasa, linamkamata mbwa mwenye mkanda shingoni na kumwacha asiye nao. Hapo kijana kanishinda, sina la kumjibu.

Lakini ile habari ya Ulaya kaisimulia nusu.

Uingereza ni kweli hakuna sheria inayomzuia mbwa kuingia baa. Hakuna pia inayomlazimisha mwenye baa kumpokea. Mwenye baa ndiye anayeamua: huyu anaweka bakuli la maji mlangoni, jirani yake anabandika kibao cha kukataa, na wote wawili wako sawa kisheria. Sheria inang'ang'ania chakula tu, kwamba wanyama wazuiwe kufika mahali chakula kinapoandaliwa, kinaposhikwa au kinapohifadhiwa. Anayepewa kinga ya pekee ni mbwa anayemsaidia mtu mwenye ulemavu, kama yule anayemwongoza asiyeona. Kumkataa huyo bila sababu nzito kunaweza kuhesabiwa ubaguzi chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Sasa mpime yule mama kwa kipimo hicho hicho cha Uingereza. Ameamua nani aingie dukani kwake, na ameweka mnyama mbali na chakula. Amekosea wapi?

Na kuna historia ambayo watu wa kijiweni hawaitaji. Mwaka 1897 Walter Long, waziri aliyesimamia kilimo Uingereza, aliamuru mbwa wafungwe midomo katika maeneo yenye kichaa cha mbwa. Wenye mbwa walimchukia kupita kiasi. Hata hivyo, kufika 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Ukarudi 1918, baada ya mbwa kuingizwa nchini kinyemela mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, ukamalizwa tena 1922, na tangu hapo, ukiwaacha popo, wanyama wa nchi ile hawaujui. Kwa miongo mingi mbwa aliyetoka nje alizuiliwa karantini miezi sita kabla ya kukanyaga mtaani, na utaratibu huo ulianza kulegezwa mwaka 2000 tu. Mbwa anayelala chini ya meza ya baa London, basi, analala juu ya miaka mia ya midomo iliyofungwa na vizimba vya karantini. Sisi tunataka kuanzia kwenye bakuli la maji.

Wala mgeni na mbwa wake si jambo geni kwetu. Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866, na katika safari hiyo alikuwa na mbwa wake, Chitane, aliyekufa maji Januari 1867 walipokuwa wakivuka kinamasi huko bara. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maskini Chitane ufuko hakuuona.

Turudi dukani, maana ubishi wote uko kwenye kimo. Duka la Ulaya, mchele wake uko ndani ya pakiti, pakiti iko kwenye rafu. Duka la Shangani, mchele uko kwenye gunia lililo wazi, gunia liko sakafuni, na pua ya mbwa mkubwa na mdomo wa gunia viko usawa mmoja. Nilikuwepo, niliona. Yule mbwa hakufanya ubaya wowote, alinyoosha shingo kidogo tu kunusa, kama mbwa anavyopaswa kunusa, na pua yake ikawa shibri moja kutoka kwenye kibaba kilichochomekwa kwenye mchele. Mama alikiona hicho kabla ya kumwona kijana. Mbwa angelamba kibaba, lile gunia angemuuzia nani? Wateja watatu walikuwa wanatazama. Kijana angeondoka na mbwa wake, hasara ingebaki dukani.

Naja kwenye namba, maana kila anayetetea mbwa kuingia dukani huishika hiyo: asilimia 70. Shirika la Afya Duniani linasema mkichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa hukosa njia ya kusambaa. Ni kweli, na hapa kusini tumeiona kwa macho. Kuanzia 2010 uliendeshwa mradi mkubwa wa chanjo kusini mashariki mwa Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwemo, ukiratibiwa na shirika hilo kwa fedha za mfuko wa Gates, na ugonjwa ulishuka. Lakini asilimia 70 ni habari ya kundi. Inamwambia bwana mifugo kwamba wilaya iko salama. Haimwambii mama chochote kuhusu mbwa aliyesimama mbele ya gunia lake. Katika mbwa kumi, watatu hawajachanjwa, na wanafanana na wale saba. Tena hiyo saba yenyewe haikai. Mbwa wa kwetu wanazaa upesi na wanakufa upesi. Mnachanja mwezi wa saba, mwezi wa kwanza kuna watoto wa mbwa kila uchochoro ambao hawajawahi kuona sindano, na asilimia imeshaporomoka bila mtu kukosea popote. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka.

Siku chache baadaye kijana alirudi na ushahidi. Kaleta kadi ya chanjo, kaiweka ndani ya plastiki ili isilowe. Mama akavaa miwani, akaisoma polepole, kisha akamgeuzia na kuweka kidole kwenye tarehe. Mwaka ulikuwa umepita, na miezi minne juu yake. Sisemi kijana ni mwongo, alisahau tu, kama tunavyosahau bima ya pikipiki. Ila kama mwenye mbwa mwenyewe hajui, muuza mchele atajuaje?

Na huku kusini mbwa hakutani na mbwa peke yao. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofuatilia kichaa Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019, ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya matukio ya wanyama yaliyorekodiwa ni ya mbweha. Watafiti waliona pia kwamba mbweha huambukizana wao kwa wao, ila mbwa ndiye nguzo ya ugonjwa, hivyo kuendelea kuchanja mbwa ndiyo njia, na hilo ni jibu zuri kwa wanaotaka kuua mbwa ovyo. Lakini mbwa anayeachiwa usiku pembezoni mwa mashamba ya korosho, nani ajuaye kakutana na nani? Kichaa chenyewe hukaa mwilini kimya, mara nyingi miezi miwili mitatu. Kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu wote hufa. Anayetumwa dukani kununua sukari ya nusu ni mtoto, na katika kila watu mia wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, arobaini ni watoto wa chini ya miaka 15. Sindano za kumwokoa hazikai kila zahanati. Kuna mzazi atakayepanda basi na mtoto kuzifuata, baada ya kuosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kama anajua kwamba ndiyo huduma ya kwanza.

Hadi hapa sijagusa dini, kwa makusudi, kwa sababu watu wa kijiweni waliifanya dini ndiyo sababu pekee, wakamaliza kwa kucheka. Sasa niiguse. Mama ni Shafii, kama Waislamu wengi wa pwani hii. Mate ya mbwa kwake ni najisi nzito: chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Masika mbwa akijikung'uta mlangoni, matone yakaruka kwenye kanga yake saa kumi kasoro, Alasiri anaiswali na nini? Atafunga duka aende nyumbani kubadilisha. Mwislamu wa madhehebu ya Maliki atakwambia mbwa si najisi, na huo ni mjadala wa masheikh, ila huwezi kumtaka mama ahame madhehebu ili wewe ununue sabuni.

Wala hili si chuki kwa mbwa. Mama huyo huyo atakusimulia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Atakusomea Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, juu ya vijana wa pangoni na mbwa wao. Na atakuonyesha, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, mbwa yule alinyoosha miguu yake wapi: kizingitini.

Baa ni habari tofauti kidogo. Mwenye baa yenye bustani, meza chini ya miembe, jiko liko mbali, akitaka kutenga kona ya wenye mbwa, mimi simzuii, na sioni kwa nini halmashauri imzuie. Wateja wasiotaka watahama meza, au watahama baa. Ila mbwa awe na kamba fupi na kadi isiyopita tarehe, na mwenye baa, kabla ya kumkaribisha mbwa wa mteja, amalize kwanza habari ya wale mbwa koko wa chini ya meza, kwa kufunika mapipa yake ya mifupa. Grosari yenye viti vinne na friji moja haina kona ya kutenga.

Mtu asiyeona akija na mbwa wa kumwongoza, hapo nitamwomba mama afikirie upya. Mimi sijamwona mbwa wa namna hiyo Mtwara. Akija, mteja asiachwe mlangoni: mama anaweza kutoka na kumhudumia barazani, kama anavyowafanyia wazee wasioweza kupanda ngazi yake. Nilimuuliza. Alisema huyo mgeni wake, atamletea na kiti.

Kijana naye bado ananunua pale, maana mchele wa kule kwingine una mawe. Juzi nilimkuta kamfunga mbwa kwenye mwembe ng'ambo ya njia, kwenye kivuli, kadi mpya inaning'inia shingoni. Mbele ya mbwa kulikuwa na kopo la maji. Nikauliza nani kaliweka. Mama akasema ni yeye, na akaongeza kwamba hilo kopo lisirudi ndani.