Dakika 100 Zilizohesabiwa

Juma lililopita nilitoka wodini dakika 100 baada ya zamu yangu kwisha. Mgonjwa alizidiwa, sikuweza kumwacha. Kesho yake daktari bingwa wangu akaniuliza kama nimeuandikisha muda huo. Nilidhani ananitania. Hapa England, tangu mkataba wa 2016, daktari aliye mafunzoni akipitisha saa zake anaripoti, na hospitali za umma zina afisa wa kufuatilia ripoti hizo. Unalipwa, au unarudishiwa muda upumzike. Mimi nilirudishiwa muda. Nililala mchana kutwa, nikaamka na hasira.

Hasira kwa sababu niliukumbuka mwaka wangu wa uanagenzi Kenya, ule wa mazoezi hospitalini baada ya chuo. Unaingia Ijumaa, ukitoka unasikia watu wakisema ni Jumapili. Hakuna aliyeandika popote. Hata mimi sikuhesabu. Hesabu hiyo ningempelekea nani?

Najua mtakachosema. Tumekusomesha kwa kodi yetu, umeenda majuu, sasa unatudharau. Sidharau mtu. Mikono hii ilifunzwa huko. Nikiwa mwanagenzi nilikuwa nimeshawafanyia akina mama upasuaji usiku wa manane na kuwatoa watoto wakiwa hai, ilhali wenzangu wa hapa wa kiwango hicho walikuwa bado wanasimama kando wakitazama. Hilo najivunia, na sitamwomba mtu radhi kwalo.

Wala huku si peponi. Madaktari wa England wamegoma mara nyingi tangu Machi 2023 wakidai malipo, na kadhaa niliofanya nao kazi wamehamia Australia. Kwa hiyo msiniambie nimefuata mshahara tu. Mshahara una uzito wake: serikali ya Kenya ilipotaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 badala ya takriban 206,000 za makubaliano, mgomo wa 2024 uliendelea kwa siku 56, na ulikuwa wa haki. Lakini ule wa siku 100 ulioanza Desemba 2016 ulihusu pia ahadi. Mkataba wa serikali na madaktari ulitiwa saini 2013, ukakaa bila kutekelezwa, na viongozi wa chama cha madaktari waliokaidi amri ya korti wakapelekwa jela. Hapo ndipo wengi wetu tulipovunjika moyo. Kazi ngumu daktari anaizoea. Kutohesabiwa hakuzoeleki.

Yupo atakayesema udaktari ni wito, na wito hauna saa. Ndugu yangu, mama yako akipasuliwa saa tisa usiku, ungetaka apasuliwe na mtu aliyelala mara ya mwisho lini? Na akikosea, lawama utaipeleka wapi, kwa aliyepanga zamu au kwa aliyeshika kisu?

Jana nilimwandikia mwenzangu tuliyekuwa naye wodi moja, bado yuko huko, nikamuuliza ameingia kazini lini. Nikaona anaandika, kisha akaacha. Baada ya saa tatu akajibu kwamba alikuwa thieta, na kwamba hana hakika kama ni jana au juzi.